Wilaya ya 43 ya Bunge la Nebraska: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wilaya hii ni kubwa kwa ardhi na ndogo kwa watu, na karibu kila anayeisikia kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomhusu mtu mmoja mmoja. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Wilaya ya 43 iko wapi hasa?

Ni moja ya wilaya 49 za uchaguzi za Bunge la Nebraska, jimbo lililo katikati ya Marekani. Kila wilaya hutoa seneta mmoja. Hii ya 43 iko upande wa kaskazini, katika nchi iitwayo Sandhills: vilima vya mchanga vilivyofunikwa na majani, vinavyoendelea hadi macho yachoke. Ni nchi ya ng'ombe. Juu hakuna msitu, lakini chini kuna hazina ya maji ya Ogallala, na bila maji hayo kusingekuwa na ranchi hata moja.

Moyo wa wilaya ni Kaunti ya Cherry, ambayo makao yake makuu ni mji mdogo wa Valentine. Cherry peke yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 15,500, yaani inauzidi Mkoa wa Kilimanjaro mzima. Kwa sensa ya 2022 Kilimanjaro ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Cherry, kwa sensa ya 2020, ilikuwa na watu 5,455. Kaunti hiyo hiyo moja inafuata saa mbili tofauti: Valentine na mashariki yake wako saa moja mbele ya wenzao wa magharibi. Ukialikwa mkutano wa saa nne asubuhi, uliza kwanza ni saa nne ya upande gani.

2. Jimbo, wilaya, kaunti: kipi ni kipi?

Mtanzania akisikia "jimbo" humfikiria mbunge wake, na Mkenya eneo hilo huliita eneobunge. Katika ukurasa huu, jimbo ni Nebraska nzima, yenye gavana wake, katiba yake na bunge lake. Kaunti ni ngazi ya utawala chini ya jimbo, na Nebraska ina kaunti 93. Wilaya ni eneo la uchaguzi tu. Haina ofisi ya mkuu wa wilaya wala bajeti yake, na inaweza kukusanya kaunti nyingi kwa pamoja, kama hii ya 43.

3. Kwa hiyo seneta wa Wilaya ya 43 anakaa Washington?

Hapana. Anakwenda Lincoln, makao makuu ya Nebraska. Wanaokwenda Washington ni maseneta wawili wa jimbo zima. Mkanganyiko huu una sababu nyingine pia: Deb Fischer, anayeiwakilisha Nebraska katika Seneti ya Marekani tangu 2013, alianzia hapa hapa Wilaya ya 43 (tazama swali la 9).

4. Kwa nini wanaitwa maseneta na hakuna wawakilishi?

Kwa sababu Nebraska ndilo jimbo pekee la Marekani lenye bunge la nyumba moja. Hadi miaka ya 1930 lilikuwa na nyumba mbili kama majimbo mengine, zenye wajumbe 133 kwa jumla. George Norris, seneta wa Nebraska kule Washington, alizunguka jimbo zima akieleza kwamba nyumba mbili zinawapa wanasiasa kichaka cha kujificha: kila mmoja anaitupia lawama nyumba ya pili, na mambo makubwa yanaamuliwa faraghani na kamati ndogo ya maridhiano. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na hoja ya kupunguza gharama iliwaingia watu. Wananchi walikubali kwa kura mwezi Novemba 1934, na bunge jipya likaanza kazi Januari 1937 likiwa na wajumbe 43.

Maana yake, namba 43 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye orodha. Katikati ya miaka ya 1960 idadi iliongezwa hadi 49.

5. Maseneta hawa ni wa chama gani?

Kisheria, si wa chama chochote. Jina la chama haliandikwi kwenye karatasi ya kura. Katika uchaguzi wa mchujo wagombea wote hushindana pamoja, na wawili wa kwanza huingia uchaguzi mkuu. Kwa hali halisi kila mtu anajua nani ni Republican na nani ni Democrat, na wilaya hii ni ngome ya Republican. Matokeo yake ni kwamba Warepublican wawili wanaweza kupambana mwezi Novemba, kila mmoja akiwa na hoja zake. Ilitokea hapa 2012, ikatokea tena 2016. Kwa maoni yetu hilo ni jambo jema sana kwa mwananchi wa ngome ya chama kimoja. Kwingineko mshindi hujulikana tangu kura za maoni, na waliobaki nje ya chama hawana la kuamua.

## Ardhi, watu na mipaka

6. Nani waliishi hapa kwanza, na hawa wenye ranchi walifikaje?

Ilikuwa nchi ya Lakota na mataifa mengine ya wenyeji, waliofuata nyati. Jeshi lilijenga Fort Niobrara karibu na Valentine ya leo mwaka 1880, na Kaunti ya Cherry ikaundwa 1883. Mji wenyewe uliitwa kwa jina la mbunge wa wakati huo, Edward K. Valentine.

Sheria ya mwaka 1862 ya kugawa ardhi bure ilimpa kila mlowezi ekari 160. Kwenye udongo mweusi wa mashariki, ekari hizo zilitosha kulisha familia. Kwenye mchanga hazikutosha hata kwa ng'ombe. Moses Kinkaid, mbunge kutoka O'Neill, akapitisha sheria ya 1904 iliyotoa ekari 640 kwa kila familia magharibi mwa Nebraska. Watu walimiminika. Kufikia 1920 Kaunti ya Cherry ilikuwa na watu zaidi ya 11,000.

Lakini hata ekari 640 zilikuwa chache. Majirani walinunuliana mashamba, ranchi zikakua, nyumba zikabaki tupu. Linganisha idadi hiyo na ile iliyo katika swali la 1 na utaona kwamba leo imepungua kwa zaidi ya nusu. Siasa zote za wilaya hii zinatokana na upungufu huo.

7. Kwa nini kila baada ya miaka kumi wilaya inazidi kutanuka?

Kwa sababu kinachohesabiwa ni vichwa. Kila baada ya sensa, wilaya zote 49 lazima ziwe na idadi ya watu inayokaribiana. Kwa sensa ya 2020 Nebraska ilikuwa na watu 1,961,504, hivyo kila seneta alipaswa kuwakilisha watu wapatao 40,000. Katika Omaha, mji mkubwa wa mashariki, hao wanapatikana katika mitaa kadhaa. Sandhills unakusanya kaunti baada ya kaunti na bado hesabu haijatimia.

Wakati huo huo mashariki kunajaa. Kaunti tatu tu kati ya 93, yaani Douglas yenye Omaha, Lancaster yenye Lincoln, na Sarpy iliyo jirani na Omaha, zina zaidi ya nusu ya watu wote wa jimbo. Viti vinawafuata watu. Mwaka 2011 Wilaya ya 49 iliyokuwa magharibi kabisa ilifutwa kule na namba yake ikapelekwa Sarpy. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Wilaya ya 36, nayo ikaenda Sarpy. Namba haina mizizi kwenye ardhi. Kila kiti kinapohama, maeneo kilichoyaacha hugawanywa kwa waliobaki, na Wilaya ya 43 ni mmoja wa hao waliobaki.

Ndiyo maana ukimwuliza mtu wa huku orodha ya kaunti za wilaya yake, inabidi umtajie na mwaka. Cherry imebaki kuwa kitovu. Pembezoni kaunti zinaingia na kutoka.

8. Si ingekuwa haki ardhi nayo ihesabiwe?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote, na Nebraska ililijaribu. Mwaka 1962 wapiga kura walipitisha badiliko la katiba lililotaka ukubwa wa eneo upewe uzito wa asilimia 20 hadi 30 wakati wa kuchora wilaya. Miji ilikwenda mahakamani. Juni 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika shauri la Reynolds dhidi ya Sims, lililotoka Alabama, kwamba bunge la jimbo lazima ligawanywe kwa idadi ya watu. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari. Mwaka huo huo mahakama ya shirikisho ikalibatilisha lile badiliko la Nebraska.

Tunaona mahakama ilikuwa sahihi. Kura ya mama anayefanya kazi kiwandani Omaha haiwezi kuwa robo ya kura ya mwenye ranchi kwa sababu tu mmoja ana nafasi na mwingine hana. Hata hivyo wanaolalamika hawalalamiki bure. Umbali unapunguza uwakilishi kwa namna ambayo hesabu ya vichwa haiioni: seneta wa mjini anakutana na watu wake sokoni, wa huku anaendesha gari siku nzima ili ahudhurie mikutano miwili. Dawa ya hilo haiko kwenye mipaka. Iko kwenye mambo yaliyoelezwa katika swali la 14 na la 15, na inasikitisha kwamba hayo hayazungumzwi kwa nguvu hii hii.

## Walioshika kiti

9. Ni akina nani wameiwakilisha wilaya hii tangu 2005?

Wanne. Deb Fischer, mfugaji kutoka karibu na Valentine aliyekuwa kwenye bodi ya shule, alishinda 2004 kwa tofauti ya kura 128 tu. Aliongoza Kamati ya Uchukuzi na Mawasiliano, na mwaka 2011 alipitisha sheria iliyotenga robo ya senti ya kodi ya mauzo katika kila dola kwa ajili ya barabara kwa miaka 20. Kwa nchi ambayo hospitali inaweza kuwa mwendo wa saa nzima, hiyo ilikuwa sheria ya uhai. Mwaka 2012 alichaguliwa kwenda Washington baada ya kumshinda Bob Kerrey, aliyewahi kuwa gavana na seneta.

Alifuatiwa na Al Davis, mwenye ranchi wa Hyannis, aliyekaa kipindi kimoja kuanzia 2013. Mwaka 2016 aliangushwa na Tom Brewer, kanali mstaafu wa jeshi aliyejeruhiwa Afghanistan. Brewer alikaa vipindi viwili na kuongoza Kamati ya Serikali, Jeshi na Maveterani. Sheria ya 2023 inayoruhusu kubeba silaha iliyofichwa bila kibali ilikuwa yake. Tanya Storer, aliyekuwa kamishna wa Kaunti ya Cherry, alishindwa na Brewer mwaka 2020, akachaguliwa 2024.

10. Kwa nini wanabadilika haraka hivyo?

Mwaka 2000 wananchi waliweka ukomo: vipindi viwili mfululizo vya miaka minne, kisha lazima upumzike. Anayependa anaweza kurudi baada ya miaka minne, kama alivyofanya Ernie Chambers wa Omaha. Wilaya zenye namba witiri huchagua mwaka ule ule wa uchaguzi wa rais, kwa hiyo hii ya 43 huchagua 2020, 2024, 2028 na kuendelea.

11. Wenyeji wa asili wamewahi kukalia kiti hiki?

Ndiyo, lakini ilichukua muda mrefu mno. Tom Brewer ni wa Oglala Lakota, na alikuwa mtu wa kwanza kutoka mataifa ya wenyeji kuketi katika Bunge la Nebraska. Ilikuwa 2017, miaka 150 tangu Nebraska iwe jimbo. Mwaka 2019 alipitisha sheria iliyoagiza polisi wa jimbo kuchunguza kupotea kwa wanawake wa jamii hizo.

Mwaka wake wa kwanza bungeni, 2017, ndio uliofunga pia aibu ya Whiteclay. Hiki ni kijiji cha wakazi wapatao dazeni moja, katika Kaunti ya Sheridan, mpakani na Pine Ridge, eneo la hifadhi la Oglala Lakota lililo South Dakota. Ndani ya Pine Ridge pombe ni marufuku. Hatua chache kusini ya mpaka, maduka manne yaliuza mamilioni ya makopo ya bia kila mwaka. Watu walilala barabarani, watoto walizaliwa na madhara ya pombe, na kwa miongo mingi jibu la serikali lilikuwa kwamba biashara ni halali. Aprili 2017 tume ya jimbo inayosimamia vileo ilikataa kuwapa leseni mpya, na Septemba Mahakama Kuu ya Nebraska ikaiacha hatua hiyo isimame. Waliopigania jambo hili zaidi hawakuwa na kura Nebraska, kwa sababu walikuwa wakazi wa upande wa pili wa mstari. Anayetaka kuelewa mipaka inavyoweza kumnyima mtu sauti aanze na Whiteclay.

## Yanayogombaniwa

12. Kwa nini kila mgombea anazungumzia kodi ya ardhi?

Jimbo lenyewe liliacha kutoza kodi ya ardhi na majengo miaka ya 1960, likahamia kodi ya mapato na ya mauzo. Kodi ya ardhi ikabaki kuendesha kaunti na hasa shule. Sasa fikiria mfugaji mwenye maelfu ya ekari. Kwenye karatasi ni tajiri. Mkononi, mwaka ambao bei ya ng'ombe imeanguka, hana kitu, na kodi iko pale pale. Sheria inaithamini ardhi ya kilimo kwa asilimia 75 ya bei yake, na mwaka 2020 jimbo lilianza kurudisha sehemu ya kodi ya shule kupitia kodi ya mapato. Bado kelele hazijaisha.

Jambo hili linakwenda sambamba na shule zenyewe. Sandhills ulikuwa na shule ndogo za msingi vijijini, nyingine za chumba kimoja, zikiwa na bodi zao. Mwaka 2005 Bunge liliagiza ziunganishwe na wilaya kubwa za shule. Mwaka 2006 wapiga kura waliikataa sheria hiyo, lakini uunganishaji ulikwisha kufanyika. Wazee wa huku wanalikumbuka hilo kama jana.

13. Na mitambo ya upepo?

Upepo ni mwingi na malipo anayopata mwenye ardhi kwa kuikodisha ni manono, lakini vilima hivi vikishachimbwa mchanga hupeperuka na majani huchukua miaka kurudi. Majirani wamegawanyika, hata ndani ya familia. Brewer alijijengea jina kwa kuipinga. Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa juu ya njia ya umeme wa msongo mkubwa ya shirika la umma la umeme, yenye urefu wa kilomita 360 hivi, ambayo kibali chake kilifutwa na mahakama ya shirikisho Juni 2020.

## Kazi ya seneta na nafasi yako

14. Seneta analipwa kiasi gani?

Dola 12,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa na wapiga kura mwaka 1988 na hakijabadilika, kwa sababu kimo ndani ya katiba. Mwaka 2012 wananchi walikataa kukipandisha. Kuna posho ya kujikimu wakati wa vikao, lakini vikao ni siku 90 mwaka witiri na 60 mwaka shufwa, kuanzia Januari. Huo ndio msimu ng'ombe wanapozaa. Mfugaji kijana mwenye watoto wadogo hawezi kuondoka, na mwalimu hapewi likizo hiyo. Wanaobaki ni wastaafu na wenye uwezo. Kiwango hiki kinawadhulumu watu wa mbali kuliko mipaka yoyote iliyowahi kuchorwa.

15. Mwananchi wa kawaida anaweza kusema lolote bungeni?

Anaweza, na hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika bunge hili. Kila muswada, hata ule usio na tumaini, lazima upate kikao cha hadhara mbele ya kamati. Unafika, unajaza karatasi, unakaa, unataja jina lako na kulisoma herufi kwa herufi, kisha unasema yako.

Tatizo ni kufika. Valentine hadi Lincoln ni zaidi ya kilomita 450, kama Dar es Salaam hadi Dodoma, tena katika theluji ya Februari, ili upewe dakika chache. Maoni ya maandishi yanapokelewa kwa mtandao. Yatumie, lakini kama unaweza kwenda, nenda. Kwenye kiti cha mbele ya kamati, mtu aliyeendesha gari saa tano anasikilizwa kwa namna nyingine.

16. Muswada unahitaji kura ngapi?

25 kati ya 49 kupita. 33 kufunga mjadala pale wapinzani wanapozungumza bila kikomo ili kuuchelewesha. 30 kuishinda kura ya turufu ya gavana.

17. Nani anachora mipaka ya wilaya?

Bunge lenyewe, kwa sheria ya kawaida ambayo gavana anaweza kuikataa. Mwaka 2021 takwimu za sensa zilichelewa, hivyo kazi ikafanywa katika kikao maalumu mwezi Septemba.

## Hali za pekee

18. Mimi ni mkimbizi, bado sijawa raia. Ninahesabiwa?

Swali hili linatoka sana kwa ndugu zetu waliohamia Nebraska kutoka Kongo na kwingineko. Katiba ya Nebraska inasema wilaya zigawanywe kwa idadi ya watu bila wageni wasio raia. Lakini sensa haiulizi uraia, na kwa vitendo Bunge limetumia idadi ya watu wote. Hata ile 40,000 ya swali la 7 inatokana na jumla hiyo. Kwa hiyo jaza sensa, unahesabika. Kupiga kura ni jambo jingine: mpaka uwe raia mwenye umri wa miaka 18. Ukipiga kabla ya hapo, hata kwa kutojua, unaweza kupoteza nafasi yako ya uraia. Tangu 2024 unatakiwa pia kuonyesha kitambulisho chenye picha.

19. Niliwahi kufungwa. Nitapiga kura?

Ukishamaliza adhabu yako yote, ndiyo. Zamani ulisubiri miaka miwili zaidi. Sheria ya 2024 iliondoa kungoja huko, na Mahakama Kuu ya Nebraska iliithibitisha Oktoba mwaka huo.

20. Seneta akifariki au akijiuzulu?

Gavana humteua mtu wa kushika nafasi. Hakuna uchaguzi mdogo wa papo hapo kama tulivyozoea Afrika Mashariki.

21. Nikihamia Valentine, naweza kugombea lini?

Ukiwa raia mwenye umri wa miaka 21, na umeishi ndani ya wilaya mwaka mmoja. Hakikisha nyumba unayopanga imo ndani ya ramani ya sasa, si ile ya kabla ya 2021.